Wasifu wa Felisita Minza Mahona, Aliyeita Kila Kinyoya "Chetu"

Jambo la kwanza nililolitambua kwa shangazi yangu, nikiwa bado mdogo, ni kwamba hakusimama katikati. Kwenye picha za familia alikuwa pembeni, na kati yake na aliyemfuata palibaki nafasi ya mtu mmoja. Kanisani alikaa hivyohivyo kwenye benchi, hata Jumapili ya Matawi ambapo watu hubanana. Bibi, yaani mama yake mzazi, alimkemea mara nyingi, akimwambia asogee kwa kuwa hakuna mtu anayekuja. Alisogea kidogo, lakini wimbo ulipokwisha alikuwa amesharudi alipokuwa. Tulipokua ndipo tulipoelewa kwamba ile haikuwa aibu wala maringo. Alikuwa amecheza mpira wa vinyoya, yaani badminton, ule wa wawili wawili, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mwili wake ulikuwa umezoea kuacha nusu ya uwanja kwa ajili ya mwenzake.

Felisita Minza Mahona alizaliwa tarehe 12 Juni 1986 katika kijiji cha Ngulyati, Wilaya ya Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Mahona Shija na Mama Milembe Mwandu, ambaye tupo naye hapa leo. Wazazi wake walilima pamba, mahindi na mpunga, na walifuga ng'ombe. Mama Milembe anasema siku hiyo alikuwa ameshinda shambani akichuma pamba, na kwamba mtoto alipozaliwa alikunja ngumi moja kama aliyeshika kitu, akakataa kuikunjua hata alipokuwa akinyonya. Alibatizwa mwaka huohuo katika kigango cha Ngulyati.

Aliyemlea kwa karibu katika miaka ya mwanzo ni bibi yake mzaa baba, marehemu Bibi Apolonia. Katika mji wa bibi huyo hapakuwa na kitu cha mtu mmoja. Ng'ombe walikuwa wetu, jembe lilikuwa letu, na hata mtoto aliyezaliwa peke yake kwao alitakiwa kusema "mama yetu". Mtoto aliyediriki kusema "sahani yangu" alipewa sahani hiyo ikiwa tupu, akaketi nayo, huku wenzake wakila pamoja kwenye sinia. Felisita aliadhibiwa hivyo mara moja tu. Tangu siku hiyo neno "yangu" lilimkauka mdomoni, na hatukumbuki kumsikia akilitamka. Hata nguo zake mwenyewe alisema ni zetu, jambo ambalo dada zake walilifurahia sana.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1994 katika shule ya msingi ya kijijini, akamaliza la saba mwaka 2000. Mwaka 2001 alichaguliwa kujiunga na shule ya sekondari ya bweni mjini Bariadi. Huko alimkuta mwalimu wa jiografia, Mwalimu Salvatory, ambaye alikuwa amerudi kutoka chuo na gunia lenye wavu mmoja, raketi nne na kopo la vinyoya, vile vipira vyepesi vyenye manyoya. Wanafunzi wengi hawakuwa wamewahi kuuona mchezo huo. Somo la kwanza lilifanyika kwenye uwanja wa shule, saa kumi jioni, na halikudumu. Mwalimu alipiga kinyoya kwenda juu, upepo ukakichukua, kikavuka uzio na kudondoka katikati ya ng'ombe waliokuwa wakirudi kutoka kunywa maji. Mwalimu alikifuata mwenyewe, akarudi amekishika kama kifaranga, akaliambia darasa kwamba jiografia ya Bariadi imekataa.

Ndipo alipokwenda kuomba ghala la pamba. Ghala la chama cha msingi cha ushirika lilikuwa karibu na shule, nalo lilikuwa na paa la juu, kuta nene na milango mikubwa ambayo ikifungwa hata mshumaa hautikisiki. Mtunza ghala, marehemu Mzee Yakobo, alikubali kwa masharti. Watacheza pamba ikishaondoka, si kabla. Watafagia kabla na baada. Na yeyote atakayegusa mizani atakwenda kueleza mwenyewe kwa wakulima. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa chokaa. Kwa kuwa ghala hujaa msimu wa kununua na hubaki tupu msimu wa kulima, kalenda ya mchezo wa shangazi ilikuwa imepinduka: wenzao walipokuwa wakiombea mavuno, wao waliombea malori yaje yabebe. Jioni walirudi bwenini nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi la pamba, na matroni aliwauliza kama wameanza kuzeeka kabla ya kuolewa.

Katika ghala hilo alikutana na Scola Limbu, msichana wa Mwandoya, Wilaya ya Meatu, kutoka familia ya wafugaji. Hawakufanana kwa lolote. Scola alikuwa mrefu, msemaji, na alipiga kwa nguvu kutoka nyuma. Felisita alikuwa mfupi, mkimya, na alipenda kukaa karibu na wavu, ambako mchezaji anahitaji mkono mwepesi kuliko wenye nguvu. Mwalimu aliwaweka pamoja kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kucheza na Scola. Siku ya kwanza Scola alimwambia, "Wewe wa Ngulyati, unacheza kama mtu anayeomba samahani." Felisita alimjibu bila kugeuka, "Na wewe wa Mwandoya unapiga kama unafukuza fisi." Kuanzia hapo waliitana hivyo, wa Ngulyati na wa Mwandoya, na mtu asiyewajua angedhani wamegombana.

Ni vema nieleze jambo moja la mchezo huu, kwa kuwa wengi wetu hapa hatujauona. Wachezaji wanakuwa wawili upande mmoja. Kinyoya kikija katikati yao, mmoja lazima aseme haraka, "Changu," ili mwenzake akae mbali, au aseme, "Chako," ili mwenzake akipige. Wasiposema, ama wote wanakiendea na kugongana, ama wote wanakiacha kikaanguka. Mwalimu Salvatory alifundisha hivyo na darasa zima likaelewa. Felisita pekee hakuweza. Kinyoya kilipokuja katikati, alichosema ni "Chetu."

Mwalimu alimsahihisha, kisha akamfokea, kisha akaacha, kwa sababu aligundua kwamba Scola alikuwa anaelewa. "Chetu" iliyotamkwa kwa mkato ilimaanisha kwamba Felisita anakichukua. "Chetu" iliyovutwa kidogo ilimaanisha kwamba anamwachia Scola. Wapinzani walisikia neno moja tu na hawakujua nani atapiga. Kwa neno hilo walishinda mashindano ya shule za wilaya na kufika kanda.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne, Novemba 2004, Mwalimu Salvatory aliandaa mechi ya kuwaaga ghalani na kuwaalika wazazi. Mama Milembe alikuwa ameahidi kuja na alishatoa kitenge cha kuvaa. Asubuhi ya siku hiyo mvua ya kwanza ilinyesha Ngulyati, na kila mkulima aliyepo hapa anajua kwamba mvua ya kwanza haisubiri mtu. Mama alikwenda kupanda. Felisita alicheza, akashinda, akarudi nyumbani siku ya pili na kwenda moja kwa moja shambani kusaidia. Hakulalamika. Lakini tangu hapo alikuwa na hamu moja ambayo hakuificha kwa yeyote: kucheza mechi moja nyumbani Bariadi, yeye na Scola, mama akiwa ameketi anaangalia.

Mwaka 2006 yeye na Scola walikwenda Dar es Salaam na kupokewa na klabu moja iliyokuwa na ukumbi wa kweli, wenye sakafu ya mbao na taa. Kocha wao, Bwana Constantine, alikuwa mtu wa utaratibu. Aliposikia "chetu" kwa mara ya kwanza alisimamisha mazoezi na kueleza kwa upole kwamba kinyoya hakiwezi kuwa cha watu wawili, kwa sababu raketi moja tu ndiyo itakayokigusa. Felisita alimsikiliza, akaitikia, na kinyoya kilichofuata akasema tena, "Chetu." Kocha aliandika barua kwa Mwalimu Salvatory kuuliza kama huyu binti anakaidi. Mwalimu alijibu kwamba hapana, amelelewa hivyo, na kwamba wakianza kushindwa ndipo amsumbue binti. Hawakushindwa. Kuanzia mwaka 2008 walikuwa mabingwa wa taifa wa wanawake wawili wawili, na walichezea timu ya taifa katika miji mingi ya bara hili.

Mwaka 2011 klabu moja ya Kampala iliwaajiri wote wawili kwa mkataba. Hapo ndipo mchezo ulipokuwa kazi yake kamili, yenye mshahara kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo nyumbani liliwachukua watu muda kuliamini. Marehemu Mzee Mahona alimuuliza kwa simu kama, muda wa kazi ukiisha, wanaruhusiwa kucheza. Alipoambiwa kwamba kucheza ndiyo kazi yenyewe, alisema kwamba basi asije akawaambia watu wa Ngulyati, watagoma kulima.

Kila baada ya mechi alimpigia mama yake. Mama aliuliza kama ameshinda, naye alijibu kwamba tumeshinda au tumeshindwa, kamwe si nimeshinda. Siku moja mama alimwomba amweleze huo mchezo unafananaje, maana watu wakimuuliza anakosa la kusema. Felisita alifikiri, akasema ni kama kupepeta, ila unapepetea upande wa mwenzako, naye anakurudishia kabla kinyoya hakijatua. Mama aliuliza, "Na mwishowe nafaka inabaki kwa nani?" Felisita alicheka mpaka salio likaisha. Lakini alipomsimulia Scola usiku huo alikuwa hacheki tena. Alisema mama ataendelea kukisia mpaka lini.

Mwaka 2012, mkoa wetu mpya wa Simiyu ulipoanzishwa, walialikwa kucheza mechi ya maonyesho mjini Bariadi. Walikuja wote wawili kwa furaha. Kwa bahati mbaya waandaaji waliweka wavu nje, kwenye uwanja wa mpira, kwa nia njema ya kwamba watu wote waone. Shangazi aliomba ghala, lakini ulikuwa ni msimu wa pamba na lilikuwa limejaa hadi juu. Kilichotokea mnaweza kukisia. Upepo ulikibeba kila kinyoya. Kimoja kilitua kwenye kofia ya kiongozi wa ngoma, naye akacheza nacho hivyohivyo. Watu walicheka sana, na si kwa ubaya, lakini mechi ilisimamishwa haijaanza. Mama Milembe alikuwa amechelewa usafiri kutoka Ngulyati. Alipofika, wavu ulikuwa umeshakunjwa. Jirani mmoja alimwambia kwamba binti yake amerusha manyoya na upepo umeyachukua, na hiyo ndiyo habari pekee ya uwanjani ambayo mama alirudi nayo.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Sylvester Mashimba, fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba, tarehe 5 Desemba 2009 mjini Bariadi. Walikuwa wamefahamiana kupitia ghala lilelile, kwani Bwana Sylvester alikuja kutengeneza mizani na kukuta wasichana wawili wakifagia kwa bidii isiyo ya kawaida. Wakati wa kupanga mahari, wazee wa upande wa Mashimba waliuliza binti anafanya kazi gani Dar es Salaam. Mshenga, ambaye naye hakuwa na uhakika, alisema yuko kwenye mambo ya vinyoya. Wazee walitazamana, wakaridhika sana, na mmoja wao akasema kwamba ng'ombe wakiongezwa hapa si hasara, maana mwanamke mwenye mradi wa kuku hafi njaa. Ng'ombe waliongezwa. Mzee huyo aliendelea kumuulizia mayai kila sikukuu hadi alipofariki, na Felisita, badala ya kumsahihisha, alikuwa akinunua trei sokoni na kumpelekea. Ndoa hiyo ilibarikiwa watoto wawili, Winnie, aliyezaliwa mwaka 2011, na Yakobo, aliyepewa jina la mtunza ghala. Bwana Sylvester alikubali kuishi mbali na mke wake miaka ile ya Kampala, na Winnie alilelewa Ngulyati na bibi yake. Kwa hilo marehemu alimshukuru mume wake mbele ya watu, na alitaka lisemwe leo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo familia ilijiuliza kama lisomwe. Mama mdogo Scola Limbu, ambaye yupo hapa, amesema lisomwe na lisipunguzwe.

Mwaka 2016 walifika fainali ya mashindano makubwa mjini Kampala. Mdhamini mmoja alikuwa ameahidi kwamba wakishinda, atagharimia mechi ya maonyesho nyumbani kwao, ndani ya ukumbi au ghala, na zulia maalumu la mchezo litaletwa kwa lori hadi Bariadi. Felisita alikuwa ameshamwambia mama yake. Seti ya tatu ilikwenda sare hadi mwisho, na ukumbi ulikuwa na kelele nyingi. Kinyoya cha mwisho kilikuja katikati. Felisita alisema, "Chetu." Kelele zilimeza mkato au mvuto wa neno, na Scola hakujua ni lipi kati ya yale mawili. Wote wawili walikwenda. Raketi ziligongana, na kinyoya kikaanguka kati ya miguu yao.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Scola alisema, "Sema changu, Minza. Neno moja. Nimechoka kukisia."

Felisita alimjibu, "Nikisema changu, wewe utakuwa unafanya nini hapo?"

"Nitakuwa nakutazama ukishinda," alisema Scola.

Felisita aliinama kulegeza kamba za viatu. Scola anasema alisubiri jibu muda mrefu kuliko alivyopaswa, kisha akachukua begi. Mkataba ulipoisha alihamia Arusha, akacheza na mwenzake mwingine, na baadaye akawa kocha. Hawakuzungumza tena kwa miaka mingi.

Marehemu alirudi Bariadi mwaka 2017. Alikwenda kwa uongozi mpya wa chama cha ushirika, akaomba ghala kwa masharti yaleyale, na akaanza kufundisha watoto, akiwemo Winnie. Wengi wa vijana waliopanga viti hapa leo ni wanafunzi wake. Aliwafundisha kusema "changu" na "chako" kama Kocha Constantine alivyotaka, na walipomuuliza kwa nini yeye hasemi, aliwaambia wao wafuate kitabu. Mara kadhaa alipata nafasi ya kucheza mechi ya maonyesho ghalani na mchezaji mwingine, na kila mara alikataa. Mama alimshauri acheze na yeyote aliyepo. Alimwambia kwamba yeye mama ni mzee, haujui mchezo, na hawezi kutofautisha mchezaji na mchezaji. Felisita alijibu, "Mama, wewe hutajua. Mimi nitajua."

Kila mwaka, pamba ya mwisho ilipoondoka, alimtumia Scola ujumbe mfupi wa maneno matatu: "Ghala liko wazi." Hakuongeza kitu. Scola anasema aliusoma kila ujumbe, na kila mwaka aliandika jibu na kulifuta, kwa sababu hakujua aanze na samahani au aanze na tarehe.

Mwezi Machi 2024 marehemu aligundua uvimbe kwenye titi la kulia. Alipelekwa hospitali ya rufaa jijini Mwanza, akafanyiwa upasuaji mwezi Mei, na akaendelea na matibabu ya dawa na mionzi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo. Baada ya upasuaji mkono wa kulia ulivimba na haukuweza kuinua raketi. Alirudi ghalani na kufundisha kwa mkono wa kushoto, na vijana walipomshinda aliwaambia wasijisifu, wamemshinda mtoto wa miezi miwili. Mwaka huo pia alituma ujumbe wake kama kawaida. Hakuutaja ugonjwa.

Ilipofika Julai 2025 ugonjwa ulikuwa umesambaa. Mama Milembe, ambaye hajawahi kumpigia simu mtu asiye wa ukoo, alimwomba Winnie amtafutie namba ya Scola. Simu ilipopokelewa hakujieleza kwa urefu. Alisema, "Mimi ni mama yenu wa Ngulyati. Njoo."

Scola alifika tarehe 9 Agosti 2025. Aliingia chumbani, akasimama mlangoni. Marehemu alimtazama kuanzia juu hadi chini na kusema, "Wa Mwandoya, umenenepa." Scola alisema, "Wa Ngulyati, umezeeka." Kisha alikwenda kukaa kitandani upande wa kushoto, ambapo palikuwa wazi, na walikaa hivyo mchana kutwa. Tulisikia zaidi vicheko kuliko maneno. Kama kulikuwa na kusameheana, kulifanyika bila sisi kusikia, na Scola amesema hakuna kilichosemwa, walijikuta tu wamefika upande wa pili.

Siku iliyofuata Scola alipanga. Alikuwa ameuliza chama cha ushirika na kuambiwa kwamba malori ya mwisho yangebeba pamba mwishoni mwa Septemba. Basi mechi iwe Oktoba. Watamleta Minza kwenye kiti, atakaa ndani ya mistari karibu na wavu, na yeye Scola atakimbia uwanja mzima. Wapinzani kutoka Mwanza wameshakubali. Mama atakaa mbele. Alieleza yote hayo haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Winnie aliyekuwa amesimama dirishani, kisha akamrudia Scola, akasema, "Chako."

Scola anasema katika miaka yote waliyocheza hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Anasema uwanjani mwenzako akisema "chako", hugeuki kumtazama wala humuulizi kama ana hakika, unakwenda kupiga. Hakulia hapo. Alitoka nje, akamwomba Bwana Sylvester ampeleke akalione ghala, na jioni hiyohiyo akaanza mazoezi na Winnie barabarani mbele ya nyumba, bila wavu. Marehemu alihamishiwa kitanda karibu na dirisha ili awaone. Aliwasahihisha kwa sauti ndogo iliyobaki, hasa Winnie, aliyekuwa akisogea mno katikati.

Felisita Minza Mahona alifariki Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake mjini Bariadi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mama yake alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Bwana Sylvester Mashimba. Watoto wawili, Winnie na Yakobo. Mama mzazi, Mama Milembe Mwandu. Kaka wawili na dada wawili. Wapwa na watoto wa kaka zake, ambao kwa niaba yao nimesoma wasifu huu. Na Scola Limbu, ambaye familia imeamua jina lake lichapwe hapa pamoja na ndugu, na si mahali pengine. Sisi sote tutamkosa kwa namna ambayo bado hatujaijua vizuri. Mungu aliyetujalia Felisita ampokee, na ampe pumziko jema katika amani yake.

Mwisho, familia imeniomba nitangaze kwamba mechi haijaahirishwa. Itachezwa Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025 katika ghala la chama cha ushirika, Bariadi, iwapo malori yatakuwa yameondoa pamba, na chama kimetuhakikishia kwamba yataondoa. Scola Limbu atacheza na Winnie. Hakuna kiingilio. Milango itafunguliwa saa nne asubuhi, na Mama Milembe amesema yeye atakuwa pale saa mbili.